Kwa nini mshumaa wako wa soya haunukii, na kwa nini wangu ulinukia mpaka nikarudisha hela

Tangu niweke picha za mishumaa ya glasi Jumapili, inbox imejaa swali moja tu: "Dada, mbona wangu ukizima unanukia, ukiwasha haunukii?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Ni ndefu, soma ukiwa na muda.

Nianze na hasara yangu, maana ndiyo iliyonifundisha. Mwaka juzi nilipata oda ya mishumaa 40 ya send-off mjini Songea. Mimi niko Mbesa, na kwangu oda ya 40 ilikuwa kama nimeshinda bahati nasibu. Mteja alisema neno moja tu: "Inukie sana, ukumbi ni mkubwa." Basi mimi nikasema sawa, dawa ya kunukia sana ni kuweka manukato mengi. Nilikuwa na nta kilo 6 na nusu, nikamimina chupa nzima ya lita moja. Nilikuwa nimezoea kupima kwa kizibo cha chupa, sasa siku ile hata kizibo nikaona kinanichelewesha.

Siku ya pili mishumaa ikaanza kutoa jasho. Matone ya mafuta juu, kama ngozi ya mtu aliyetoka kulima. Nikafuta na kitambaa, nikafunga riboni, nikatuma kwa basi. Usiku wa shughuli napigiwa simu: mingine inazima yenyewe, mingine inatoa moshi mweusi, na mmoja mwali wake umepanda mpaka glasi imepasuka juu ya kitambaa cha meza. Bahati mhudumu alikuwa karibu. Nilirudisha hela yote na nikalipa kitambaa. Mtaji ulirudi nyuma miezi minne.

Sasa tuone kosa lilikuwa wapi.

Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani. Ilianza kutumika kwenye mishumaa Marekani miaka ya 1990, watu wakitafuta mbadala wa nta inayotokana na mafuta ghafi ya petroli, yaani ile parafini ya mishumaa yetu myeupe ya umeme ukikatika. Mkoa wetu wa Ruvuma unalima soya kweli kweli, lakini nta yenyewe bado tunaagiza Dar inakotoka nje. Hilo huwa linaniuma kidogo, tuliache.

Nta ikiyeyuka inaweza kushika manukato kwa kiasi fulani tu. Fikiria ugali: unga ukizidi maji, mwingine unabaki mkavu. Nta nyingi za soya za kwenye glasi zinashika vizuri kati ya asilimia 6 na 10 ya uzito wake. Aliyekuuzia anatakiwa akuambie kiwango cha juu cha nta yake, na kama hajui, usipite 6 mpaka umejaribu mwenyewe. Mimi siku ile niliweka kama asilimia 15. Yale yaliyozidi hayakuwa na pa kukaa, yakatoka juu kama jasho na mengine yakashuka yakakusanyika kuzunguka utambi. Manukato ni mafuta yanayowaka. Utambi ukinywa manukato badala ya nta, unaziba na kuzima, au unawaka kwa fujo. Yote mawili yalinipata meza tofauti, ukumbi mmoja.

Hesabu ni hii, na ni ya uzito, sio ya kizibo wala kijiko: uzito wa nta zidisha 6, gawanya kwa 100. Nta gramu 1,000 inataka manukato gramu 60. Glasi yangu ya kawaida inabeba kama gramu 170 jumla, kwa hiyo kila glasi ni nta gramu 160 na manukato karibu gramu 10. Ile oda ya 40 ilihitaji manukato gramu 390 hivi. Nilitumia lita nzima! Yaani nilimwaga hela ili niharibu kazi.

Kwa nini uzito? Kwa sababu manukato hayalingani. Mafuta ya limau ni mepesi kuliko maji, ya karafuu ni mazito kuliko maji. Kizibo kimoja cha hiki na kizibo kimoja cha kile ni vitu viwili tofauti. Nunua mzani mdogo wa jikoni wa betri. Kabla ya utambi mzuri, kabla ya glasi nzuri, kabla ya lebo, nunua mzani.

Halafu joto. Hapa ndipo wengi mnaoniandikia mnapokosea upande wa pili, mshumaa haunukii kabisa.

Mimi nayeyusha nta kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, moto wa wastani. Usiweke nta moja kwa moja kwenye jiko la mkaa. Maji yanasaidia nta isipande joto kupita kiasi, na yanakupa muda wa kufikiri. Nta ikifika nyuzi 80 mpaka 85 natoa sufuria kwenye moto, naiweka chini mbali na jiko, ndipo namimina manukato. Kisha nakoroga polepole dakika mbili kamili, nikikwangua chini na pembeni. Dakika mbili ni ndefu, weka saa ya simu. Wengi mnakoroga mara tano mnasema tayari, manukato yanabaki yamekaa chini ya jagi, halafu mshumaa wa mwisho kumimina ndio unanukia kuliko wote na wa kwanza haunukii.

Nta ikiwa imeshapoa sana na kuanza kuwa nzito, manukato hayachanganyiki sawasawa. Na ikiwa bado iko motoni inachemkachemka, harufu inaondoka na mvuke, jikoni kwako kunanukia vizuri na glasi inabaki na nta tupu. Kama jirani anapita anasema "leo kwenu kunanukia!" wakati bado unapika, ujue harufu ya mteja ndiyo hiyo inaondoka.

Kwenye chupa nyingine za manukato kuna namba ya nyuzi imeandikwa, watu wanaiogopa wakidhani juu ya hapo harufu inakufa. Sio hivyo. Ile ni nyuzi ambayo mvuke wa yale mafuta unaweza kushika moto ukikutana na mwali. Ndiyo sababu nasema toa sufuria, weka mbali na jiko, halafu mimina. Mafuta ya chungwa na limau yana namba ndogo sana, kama nyuzi 50 tu, hayo ndiyo ya kuwa nayo makini zaidi. Na nta ikishika moto usimwagie maji hata kidogo, inalipuka. Funika na mfuniko, zima jiko. Mfuniko uwe pembeni kabla hujaanza, sio uanze kuutafuta.

Baada ya kukoroga nasubiri ishuke mpaka 55 au 60 ndipo namimina kwenye glasi. Glasi ziwe kavu kabisa.

Sasa manukato yenyewe. Kuna mtu mmoja, simtaji, aliwahi kuniuzia "manukato ya mishumaa" ambayo kumbe ni ya kuweka kwenye sabuni ya maji. Yale yanachanganyika na maji, hayachanganyiki na nta. Kuna mengine ni pafyumu ya kawaida yenye spiriti. Spiriti kwenye nta ya moto ni hatari na harufu haibaki. Jinsi ninavyojaribu siku hizi: tone moja kwenye karatasi nyeupe, nasubiri. Spiriti inakauka na kupotea, mafuta yanaacha doa linalopitisha mwanga kama karatasi ya maandazi. Halafu matone matatu kwenye glasi ya maji. Yakiyeyuka na kupotea humo, hayo sio ya nta. Yakikaa matone matone, yawe yanaelea au yamezama, ni mafuta. Bado muulize muuzaji kama yanafaa kuwaka kwenye mshumaa, maana sio kila mafuta yanayonukia vizuri mkononi yanafaa motoni.

Wengi mnaulizia vitu vya asili. Mafuta ya karafuu ya Pemba, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kwenye kiwanda cha ZSTC pale Wawi, nimeyatumia na yananukia kweli. Lakini ni makali. Usiyapime kwenye kikombe laini cha plastiki, yanaweza kukila. Yasikuguse ngozi bila kuchanganywa. Na usiyaweke asilimia 6 peke yake. Mimi naweka 2, iliyobaki nachanganya na chungwa. Mara ya kwanza niliweka karafuu tupu, mteja akaniambia dada mshumaa mzuri ila nikiuwasha nahisi niko kwa daktari wa meno. Hakukosea, karafuu ndiyo dawa ya jino. Mafuta ya mchaichai nayo yanapendeza, ya limau na chungwa yanapotea haraka yakiwa peke yake. Vanila inapendwa sana na wateja, ila inageuza nta kuwa ya njano mpaka kahawia, usije ukadhani umeunguza. Weka rangi au sema kabla.

Karafuu kavu, mdalasini wa vijiti, majani ya waridi juu ya mshumaa: picha inapendeza, naelewa. Moto ukivifikia vinakuwa utambi wa pili. Piga navyo picha pembeni ya glasi, sio ndani.

Turudi kwenye lile swali la inbox. Unanukia ukizima, haunukii ukiwasha. Harufu ya mshumaa unaowaka haitoki kwenye mwali, inatoka kwenye dimbwi la nta iliyoyeyuka juu. Dimbwi dogo, harufu ndogo. Kama utambi wako ni mwembamba, unachimba shimo katikati tu na pembeni kunabaki ukuta wa nta mkavu, hata uweke manukato ya laki mbili hutasikia kitu. Washa mshumaa wa majaribio, hesabu kama saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za upana wa glasi. Glasi ya sentimita 7 na nusu, ndani ya saa tatu dimbwi liwe limefika pembeni. Halijafika? Ongeza unene wa utambi, sio manukato. Mwali ni mrefu unatoa masizi? Punguza unene. Na ukibadilisha manukato jaribu utambi upya, maana kuna manukato yanayofanya nta iwake kwa uzito.

Pua yako pia inakudanganya. Ukikaa na harufu kutwa nzima huisikii tena. Mimi nawasha, nafunga mlango, natoka nje nusu saa, halafu namwita mtoto wa jirani aingie kwanza. Watoto hawana aibu, akisema hanusi kitu, hanusi kitu.

Kingine ni haraka. Nta ya soya inahitaji kukaa. Ukimimina Ijumaa ukauwasha Jumamosi, hujaujua bado. Mimi naipa wiki mbili zimefunikwa mahali pa kivuli, ndipo harufu inakuwa imetulia ndani ya nta. Kwa hiyo oda ya shughuli siipokei chini ya wiki tatu kabla ya siku yenyewe, na napokea nusu ya hela mapema. Mteja wa "nataka keshokutwa" namuelekeza kwenye mishumaa iliyoko rafuni tayari.

Na joto la huku. Oktoba na Novemba mzigo ukikaa kwenye buti la basi kutoka huku mpaka Songea, nta ya soya tupu inalainika, inafika imelala upande mmoja na mafuta juu. Siku hizi naongeza nta ya nyuki ninayonunua kwa warina asali, gramu 100 hadi 150 kwa kila kilo ya soya. Inakuwa ngumu zaidi, maana nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 na kuendelea. Ila ina harufu yake ya asali na inabana harufu nyingine kidogo, kwa hiyo lazima ujaribu upya utambi na manukato. Natuma kwa basi la usiku, boksi nimeliandika juu na chini kwa maandishi makubwa, na bado nampigia kondakta.

Daftari langu lina mistari ya kila mshumaa: tarehe, nta gramu ngapi, manukato gani gramu ngapi, nyuzi ngapi nilipomimina, utambi gani, uliwakaje. Yule mteja wa send-off alirudi mwaka huu, mdogo wake anaolewa. Nilimtumia kwanza mshumaa mmoja auwashe kwake usiku mzima, ndipo tukaongea oda. Ni 60 safari hii, asilimia 7, na niko kwenye wiki ya kwanza ya kusubiri.

Wanaouliza saizi za utambi kwa kila glasi, nipeni mpaka Jumamosi. Nina glasi tatu za majaribio zinawaka mezani sasa hivi na moja imeanza kutoa masizi.