Kinanda cha Santuri cha Babu: Kabla ya Kukiuza, Jueni Mlicho Nacho

Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipokuja, na yakarudi tena Aprili na Mei 2024, kila nyumba huku bonde la Tana iliamua ni nini kiingie mtumbwini kwanza. Kwetu, karibu na Garsen, bibi alipandisha watoto, magunia ya mchele, kisha sanduku jeusi la marehemu babu. Ndani yake mna kinanda cha santuri. Vijana walimcheka. Leo ami zangu wanabishana: kiuzwe au kibaki?

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Hakitaki umeme wala betri. Ukizungusha mpini wa pembeni, springi ya chuma hujikaza, kisha hujifungua polepole na kuizungusha santuri mara 78 kwa dakika. Sindano hupita mferejini ikitetemeka, mtetemeko ukafika kwenye utando mwembamba, na pembe ikaikuza sauti. Springi ikilegea, mwimbaji naye huanza kuvuta maneno kama mwenye usingizi. Hapo mtoto aliyepewa kazi ya mpini hukemewa na baraza zima.

Upande mmoja huchukua kama dakika tatu tu. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, ukageuza santuri kupata mwisho wake.

Kwa maoni yangu, mali yenyewe ni santuri, si kinanda. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikauzwa pwani nzima. Baadaye Mombasa nayo ikawa na wauzaji waliotoa santuri zao wenyewe, kama Assanand na lebo yao ya Mzuri. Baadhi ya rekodi hizo zimebaki nakala chache tu, na huenda moja iko chini ya kitanda cha mtu hapa hapa.

Kinanda kwa upande wake huigizwa. Vile vyenye pembe ya shaba inayong'aa na picha ya mbwa, vingi vimeunganishwa juzi juzi India kwa ajili ya watalii. Kwa hiyo mnunuzi akikidharau chenu kwa kuwa hakina pembe ya kung'aa, msibabaike: vingi vya asili pembe yake imefichwa ndani ya sanduku.

Sasa tope. Santuri hizi si plastiki. Ni utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na vumbi la mawe. Huvunjika kama sahani ya udongo, na jua huzipinda. Zipanguseni kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Spiriti ni marufuku, huyeyusha santuri yenyewe. Sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja ukiisha, maana ikichakaa hukwangua sauti. Na springi msiifungue wenyewe. Ikiruka hukata vidole.

Ami mkubwa amekubali tusubiri hadi kila santuri irekodiwe kwenye simu. Tumehesabu kumi na moja, tatu zina nyufa. Bibi haulizi bei. Anauliza ile yenye karatasi nyekundu iko wapi, nasi bado hatujaiona.