SOMO LA KUMI NA MOJA: TAMAA YA MJI NA MAMBO MAPYA



Wapendwa Wakristu, leo tutasema juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi za milima ya Lubero: vijana wanaacha mashamba ya baba zao, wakakimbilia Butembo, Beni au Goma. Je, kukaa mjini ni dhambi? Hasha! Tusikilize vema.

Swali la kwanza: Mji wa Butembo ulikuaje?

Jibu: Katika miaka ya 1920 kampuni ya machimbo iitwayo Minière des Grands Lacs iliweka makao yake pale, na watu wakaifuata kazi. Wengine walianza kwa jembe. Mboga, maharagwe na viazi vya milimani vilipelekwa kuuzwa hata Kisangani. Kwa faida hiyo watu walifungua maduka, na baadaye wafanya biashara wa Butembo wakafika Dubai na China kununua bidhaa. Kanisa nalo halikuukimbia mji: dayosisi iliyoitwa Beni mwaka 1959 ilipewa jina la Butembo-Beni mwaka 1967. Tena wengi hawakuingia mjini kwa tamaa. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza mwaka 2014, watu maelfu wamekimbia vijiji vyao. Mwenye kuokoa watoto wake, au kutafuta shule na hospitali, hatendi kosa.

Swali la pili: Basi kosa liko wapi?

Jibu: Kosa ni kutamani kitu kwa sababu ni kipya tu. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, chasimulia kwamba watu wa Atene walipenda kupitisha siku zao wakisema na kusikia habari mpya. Mtakatifu Paulo alipowahubiria ufufuko, wengine walicheka, wengine wakaahirisha. Wachache tu waliamini. Sikio lililozoea habari mpya lilichoka upesi na habari ya uzima.

Tutoe mfano. Kijana auza sehemu yake ya shamba, anunua pikipiki ya kubebea abiria mjini. Mwaka wa kwanza aonekana tajiri. Lakini pikipiki huchakaa, na shamba halirudi. Kijijini alipata maji, kuni na sombe kwa mikono yake. Mjini hununua makaa, hununua mboga, hulipa chumba kila mwezi. Fedha iliyoonekana nyingi ilipotajwa kijijini, yawa kidogo ikihesabiwa mjini. Ndipo aona haya kurudi, na katika haya hiyo rafiki wabaya humpata.

Swali la tatu: Je, Mkristu aweza kukaa mjini asipotee?

Jibu: Aweza. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mwenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipitishwe kuwadhuru watu. Mwaka 2007 aliuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Mji haukumharibu, kwa maana alijua ni nani aliyemtumikia.

Swali la nne: Tufanye nini?

Jibu: Wewe kijana, kabla ya kwenda, jiulize: Nafuata kazi gani? Nani atanipokea? Usiuze udongo wa jamaa. Ukifika, jionyeshe kwa padre wa parokia, ukaingie katika jumuiya ya Wakristu wa mtaa wako.

Nanyi wazazi, msiwatukane vijana tu. Baba anayeshika shamba lote, akauza mavuno yote, asimpe mwanawe hata faranga moja ya jasho lake, yeye mwenyewe amemwonyesha njia ya mjini. Mpeni mtoto sehemu yake alime, auze, ahesabu faida yake. Na akirudi mikono mitupu, mfungulieni mlango bila masimango.

Azimio: Juma hili kila baba azungumze na wanawe juu ya shamba na mavuno, akiwasikiliza mpaka mwisho.

Maswali ya kurudia pamoja na katekista:
1. Ni nani anayekwenda mjini bila kosa?
2. Watu wa Atene walikosa nini?
3. Kwa nini kuuza shamba kwa ajili ya kitu kinachochakaa ni hasara?