Ukitaka injini nyingine, badili pikipiki

Nchini Marekani pikipiki ya kruza haidumu kama ilivyotoka kiwandani. Mnunuzi anasaini karatasi, anapokea funguo, na kabla hajatoka dukani ameshaonyeshwa kiti kingine, ekzosi nyingine, vioo vingine. Harley-Davidson, kampuni iliyoanzia Milwaukee mwaka 1903, imeufanya upambaji huo kuwa tawi kamili la biashara yake, na Wajapani walioingia sokoni na Honda Shadow, Kawasaki Vulcan na nyinginezo nao hawakubaki nyuma katika biashara hiyo. Hakuna ubaya hapo. Ubaya hujitokeza baada ya miaka miwili mitatu, mwenye pikipiki anapoirudisha dukani ili thamani yake ikatwe kwenye bei ya kubwa zaidi. Anakwenda na risiti zote za mapambo, na muuzaji hasomi hata moja. Kwa hiyo swali la lini kubadili pikipiki linafaa kuulizwa kabla ya kununua spea, na jibu lake si gumu. Spea inayokutana na mwili wako, kama kiti, usukani, vikanyagio, kioo cha upepo na hata shokapu, nunua. Tamaa ikishafika kwenye injini au fremu, ujue pikipiki uliyonayo siyo unayoitaka.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri ni Sportster 883, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa mlango wa kuingilia kwenye ukoo wa Harley. Mwenye nayo akichoshwa na nguvu zake, huambiwa aigeuze kuwa 1200, na kazi yenyewe inafanyika kweli. Fundi anavua tangi, anafungua vichwa vya silinda, anatoa silinda na pistoni zenye kipenyo cha milimita 76.2 na kuweka za milimita 88.9. Mwendo wa pistoni unabaki vilevile, milimita 96.8. Anafunga gasketi mpya, kisha anarekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Pikipiki inatoka karakana ikivuta vizuri kuliko ilivyoingia. Lakini tangi halijaongezeka hata lita moja, nafasi ya abiria ni ileile, na upepo wa barabara kuu unakupiga kifuani kama jana. Halafu namba ya fremu na karatasi za usajili bado zinasema 883. Muuzaji akifungua mwongozo wa bei, kama ule wa Kelley Blue Book, anatafuta modeli, mwaka na hali ya chombo. Kazi iliyofanywa ndani ya silinda haionekani kwa macho, na kwake ni wasiwasi mpya: nani aliifungua injini hii, na aliifunga sawasawa?

Wengi huona hiyo ni dhuluma. Binafsi naona muuzaji ana haki yake. Yeye hanunui pikipiki akae nayo. Anamnunulia mtu asiyemjua, na kila pambo linapunguza idadi ya watu wa aina hiyo. Usukani mrefu unaoinua mikono hadi usawa wa mabega unampendeza mmoja na kuwafukuza watano. Tena usukani huo haukufungwa kwa bolti nne tu: ulidai kebo ndefu ya klachi, mpira mrefu wa breki na nyaya za swichi zilizoongezwa, na kuurudisha wa zamani ni kazi ileile kinyumenyume. Hata mwenye bodaboda wa Kariakoo anajua hilo: taa za rangi na stika hazimwongezei shilingi kwa dalali, anayeanza kwa kusikiliza injini na kuomba kadi. Ndiyo sababu spea za asili hazitupwi. Ziwekwe kwenye boksi, zipakwe mafuta kidogo zisishike kutu, na siku ya kubadili zirudishwe mahali pake. Kiti kizuri na shokapu nzuri vikiuzwa peke yake, kwa mtu mwenye pikipiki ya aina hiyo, vinarudisha fedha ambayo duka halitakupa kamwe.

Ekzosi ina habari yake. Sheria ya Marekani inaweka kikomo cha desibeli 80 kwa pikipiki za barabarani zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1986, na California inadai pikipiki za kuanzia 2013 ziwe na alama inayothibitisha kwamba ekzosi imetimiza sharti hilo. Upande wa moshi, mwaka 2016 Harley-Davidson yenyewe ilikubali kulipa faini ya dola milioni 12 katika kesi ya serikali juu ya vifaa vya kubadili mpangilio wa injini, takriban 340,000 vilivyokuwa vimeuzwa tangu 2008. Ikiwa kampuni mama imebanwa hivyo, muuzaji wa mtaani anayo sababu ya kuikodolea macho pikipiki yako inayonguruma.

Kuna watakaosema kruza si hisa za benki, ni raha, na raha haidai faida. Nakubaliana nao nusu. Anayepamba pikipiki atakayokaa nayo miaka kumi hana wa kumjibu. Hata ile hesabu ya kugeuza 883 kuwa 1200 inampa faida, maana kit ya silinda na pistoni ni rahisi kuliko pikipiki mpya. Shida ni kwamba wengi wanaonunua kit hawakai miaka kumi. Wengine hutaja Captain America, ile chopa ya filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, iliyopigwa mnada mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni moja, na uhalisi wake ukibishaniwa. Lakini kilichonunuliwa pale ni filamu, si mapambo. Ben Hardy na Cliff Vaughs, Wamarekani weusi waliohusika kuziunda pikipiki za filamu hiyo, walikaa miaka mingi bila hata kutajwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba pikipiki mpya nayo inashuka thamani, na mwaka wa kwanza ndio unaouma. Ni kweli, kwa hiyo si lazima ununue mpya. Iliyotumika na ambayo haijaguswa inatosha. Ila usichanganye kupamba na kutengeneza. Injini za Twin Cam za Harley za matoleo ya kwanza, kuanzia 1999, zilikuwa na vikaza mnyororo vya plastiki vilivyolika na kumwaga uchafu kwenye mafuta. Risiti ya kuvibadili ina uzito, kwa sababu inaondoa hofu ya mnunuzi.

Kinachowaumiza watu kuliko vyote ni mkopo. Mapambo yakiingizwa ndani ya mkopo wa miezi 60 au 84, deni linaizidi thamani ya pikipiki kwa miaka mingi, na anayebadili wakati huo anahamisha deni la zamani kwenda kwenye pikipiki mpya. Subiri mpaka deni lishuke chini ya thamani. Kwa majimbo yenye theluji, ngoja majira ya kuchipua, wanunuzi wanapofufuka. Kumbuka pia kwamba majimbo mengi hutoza kodi ya mauzo kwenye tofauti ya bei peke yake, ingawa California haimo. Faida hiyo huipati ukiuza mwenyewe. Kisha mwambie muuzaji akuandikie bei mbili katika mistari miwili, ya pikipiki yako na ya ile unayoitaka. Akikataa kuzitenganisha, nenda duka la pili.