Kabla ya Kuagiza Aluminiamu ya Anodaizi

Aluminiamu ya anodaizi haijapakwa kitu. Fremu ya dirisha huzamishwa kwenye bafu la asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, umeme ukapitishwa, na uso wa metali yenyewe ukageuka oksidi, jamii moja na yakuti samawi. Utando huo una vitundu visivyoonekana kwa macho. Anayetaka rangi ya shaba iliyoiva au nyeusi huingiziwa rangi humo, kisha vitundu huzibwa, mara nyingi kwa maji ya moto. Kwa kuwa umeota kutoka kwenye metali, utando haubanduki kama rangi, wala jua haliufanyi utoe vumbi la chaki. Willis Tower ya Chicago, iliyokamilika mwaka 1974, imevaa aluminiamu nyeusi ya aina hii.

Swali la kwanza kwa muuzaji ni unene wa utando, kabla hata ya bei. Unapimwa kwa mikroni, na mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Ndani ya nyumba, mikroni 10 zinatosha. Nje, penye hewa kavu na safi, 15 hufaa. Kwa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako upepo hubeba chumvi, mtu adai 20, na nyumba inayotazamana na bahari 25. Kwa macho, fremu ya 10 na ya 25 hazitofautiani, hivyo idadi iandikwe kwenye oda na ipimwe kwa kifaa mzigo unapofika. Neno “anodaizi” peke yake kwenye risiti halimlindi mnunuzi.

Adui mkubwa, hata hivyo, mara nyingi yumo ndani ya saiti. Saruji na chokaa mbichi zina alkali, na alkali hula oksidi hiyo. Tone la lipu likikauka juu ya fremu huacha doa jeupe ambalo hakuna sabuni itakayolitoa. Kulisugua ni kuongeza hasara. Ndiyo maana fremu hufungwa lipu ikishamalizika, au hubaki ndani ya plastiki yake hadi mafundi waashi waondoke. Skurubu nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa maana za shaba au za chuma cha kawaida, zikipata unyevu wa chumvi, huifanya aluminiamu ioze kuzizunguka.

Kuchomelea kufanyike kabla ya anodaizi, kwani joto huharibu utando. Vipande vya jengo moja viagizwe kwa pamoja, maana rangi hupishana kidogo kutoka bafu hadi bafu. Mkwaruzo mkubwa hauzibiki kwa brashi, kipande hubadilishwa.

Na anayetaka madirisha meupe hana cha kujadili: anodaizi ya kawaida haitoi weupe wa rangi, hivyo achukue aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga na kuokwa.