Mabingwa wa Ukakasi wa Nyanda za Juu Kusini

Ukiuma gome la mwati au kunywa chai ya rangi iliyokolea, mdomo unakauka. Hapo polifenoli, kemikali za mimea, zimeshakamata protini za mate. Mufindi na Rungwe zina chai, Kyela ina kakao, Njombe ina miwati. Nani bingwa?

1. Mzito kuliko wote: tanini ya miwati

Katekini, polifenoli ya jani la chai, ina uzito wa molekuli 290. Tanini ya mwati, polifenoli pia, hufika 3,000, mara kumi! Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, ina kampuni ya TANWAT tangu 1949, iliyoanzishwa kwa ajili ya magome ya miwati ya kutengenezea ngozi. Tanini hushika protini za ngozi ya ng'ombe, na vimeng'enya vya tumboni navyo ni protini. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kuwa tanini za mwati huzuia amilesi inayovunja wanga na lipesi inayovunja mafuta. Amilesi ikibanwa, wanga huvunjwa polepole. Lakini mshikaji naye hulipa: akiwa ameng'ang'ania protini, sehemu ya uwezo wake wa kuzuia oksidishaji hufichika.

2. Tajiri kuliko wote: karafuu

Orodha ya vyakula 100 iliyotolewa 2010 iliipa karafuu miligramu 15,188 za polifenoli kwa gramu 100. Unga wa kakao una 3,448. Hongera Zanzibar, ila nani anakula karafuu kwa sahani? Kwa kikombe cha mililita 200, kahawa ya kuchuja ina 428 na chai ya rangi 204. Kikombe hicho cha kahawa ni sawa na karafuu gramu tatu hivi.

3. Mnyang'anyi mkubwa: chai ya rangi

Katika jaribio la 1999, kunywa chai ya rangi pamoja na mlo wa mkate kulipunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma kwa asilimia 79 hadi 94.

4. Msafiri wa mbali

Chukua basi la abiria 60 kutoka Iringa kwenda Mbeya. Kama abiria ni polifenoli, 3 hadi 6 tu wanashuka njiani, Mafinga au Makambako, yaani utumbo mwembamba. Wengine wote wanafika stendi ya mwisho, utumbo mpana, na huko bakteria wanawavunjavunja.

5. Taji lililovuliwa

Kipimo cha ORAC kilitangaza mabingwa wa kuzuia oksidishaji kwa kuwapima kwenye chupa. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake, kwa kuwa namba hizo hazikuonyesha kinachotokea mwilini. Katika damu, polifenoli mara nyingi hazifiki maikromoli 1 kwa lita. Asidi ya yuriki, taka ya mwili yenye uwezo huohuo, huwa karibu 300. Ni mabasi matano yaliyojaa dhidi ya abiria mmoja!