Je, Wajua? Nota za Muziki Ziligongwa kwa Nyundo, Kinyumenyume

Mtu afunguaye kitabu cha muziki wa piano wa Beethoven au wa Chopin huona mistari mitano, vichwa vyeusi vya nota vikipanda na kushuka juu yake, na mapinde marefu yakikumbatia nota kumi au kumi na tano kwa pamoja, na kwa kuwa macho yake yamezoea gazeti, hudhani kwamba alama hizo nazo zilipangwa na mpiga chapa, herufi moja baada ya moja, kama yapangwavyo maneno. Dhana hiyo ina haki yake, walakini haikupata. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili sehemu kubwa ya muziki uliopigwa chapa huko Ulaya ilichongwa na kugongwa kwa nyundo juu ya bamba laini la madini, ukurasa kwa ukurasa, na fundi aliyefanya kazi yake yote kinyume, akianza kulia na kwenda kushoto, ili karatasi itakapolazwa juu ya bamba ipokee sura iliyo sawa.

Herufi zilijaribiwa kwanza, na kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1498 serikali ya Venice ilimpa Ottaviano Petrucci hati ya kuwa yeye peke yake, kwa miaka 20, achapaye muziki wa sauti nyingi katika mji ule, na mwaka 1501 akatoa kitabu chake cha kwanza, Odhecaton, chenye nyimbo karibu mia, ambacho uzuri wake hata leo huwastaajabisha wachapaji. Uzuri ule ulikuwa na gharama: karatasi moja ilipita matbaani zaidi ya mara moja, mara kwa mistari na mara kwa nota, na ikisogea unywele tu nota huangukia mstari usio wake. Huko Paris, mwaka 1528, Pierre Attaingnant alitoa chapa za namna nyingine, ambamo kila kipande cha herufi kilibeba nota pamoja na kijisehemu cha mistari yake mitano, hata ukurasa ukamalizika kwa pigo moja. Bei ikashuka, ila mistari ikaonekana imekatikakatika kila nota ilipopakana na mwenzake.

Njia hiyo ilitosha kwa waimbaji, maana mwimbaji mmoja hutoa sauti moja. Haikuwatosha wapiga kinanda, ambao mikono yao miwili hushika nota tano na sita kwa wakati mmoja. Maneno hufuatana kwa safu, lakini muziki wa kinanda hurundikana wima na kutambaa mlalo kwa pamoja, na hapana kipande cha herufi kiwezacho kubeba upinde unaoanza katika nota hii na kuishia katika nota ya tisa. Kwa sababu hiyo wachapaji wakakimbilia mabamba: huko Roma, kwa Simone Verovio, mabamba ya shaba tangu miaka ya 1580, na mwanzoni mwa karne ya 18, huko London, kwa John Walsh, mabamba ya madini laini yaliyogongwa kwa mihuri ya chuma. Mtunzi mashuhuri Telemann, alipokuwa Hamburg, alichonga mabamba ya kazi zake mwenyewe. Nami husita kidogo kila nisikiapo watunzi wa leo wakilalamika kwamba kuandika nota kwa kompyuta kunachosha.

Mji uliokuja kuwa makao makuu ya kazi hii ni Leipzig, Ujerumani, ambako nyumba ya Breitkopf ilianza uchapaji mwaka 1719, na ambako Carl Gottlieb Röder alifungua karakana yake mwaka 1846, ikakua hata ikawa inawachongea wachapishaji wa nchi nyingi. Bamba lilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, pamoja na antimoni kidogo ya kulikaza. Fundi alianza kwa kuisoma hati ya mtunzi kutoka mwanzo hadi mwisho, akihesabu ni mapigo mangapi yataenea katika kila safu na ni safu ngapi zitaenea katika kila ukurasa, kisha akashika bikari, akagawa bamba na kulitia alama ndogo ndogo zisizoonekana ila na yeye. Baada ya hayo alichukua chombo chenye meno matano, akakikokota kando ya rula, na mistari mitano ikatoka kwa mkupuo mmoja. Ikafuata mihuri ya chuma cha pua, kila alama na muhuri wake: ufunguo wa sol, ufunguo wa fa, vichwa vya nota, alama za kunyamaza, tarakimu za vidole, herufi za maneno. Muhuri ulisimamishwa wima kwa vidole, nyundo ikashuka mara moja. Pigo likizidi uzito, kichwa cha nota kilitoka kinene kuliko jirani yake, na likipungua, hakikushika wino wa kutosha. Vijiti vya nota, mihimili iliyoviunganisha na mapinde havikuwa na mihuri, maana urefu wake haufanani popote. Hivyo vilikatwa kwa tindo kali, na upinde, ambao hauna budi kuwa mwembamba kwenye ncha zake na kunenepa katikati bila kuonyesha mahali uneneapo, ndio uliombainisha stadi na mwanafunzi.

Na alipokosea? Alipima mahali pa kosa kwa bikari yenye ncha zilizopindwa, ambayo ncha yake moja iligusa uso wa bamba na ya pili mgongo wake, akaligeuza bamba, akagonga kwa nyuma hata madini yakainuka na kuziba lile shimo, akalainisha uso, akachonga tena. Ukurasa wenye nota nyingi uliweza kula siku nzima ya kazi, na makosa ya mtunzi aliyebadili fikira zake dakika ya mwisho yalikula siku ya pili.

Hata hivyo nyundo na tindo ndizo sehemu nyepesi ya elimu hii. Nzito ni nafasi tupu iliyo kati ya nota na nota. Nota ya mapigo mawili hudumu mara mbili ya nota ya pigo moja, na mtu asiye fundi angeipa nafasi mara mbili pia. Fundi aliipa kadiri ya mara moja na nusu, kwa kuwa alijua kwamba hesabu kamili hujaza ukurasa mashimo, na jicho la mpigaji huanguka ndani ya mashimo hayo. Kadhalika kijiti cha nota kikielekea juu hukaa upande wa kulia wa kichwa, na kikielekea chini hukaa upande wa kushoto. Basi nota yenye kijiti cha juu ikifuatwa na nota yenye kijiti cha chini, vijiti viwili hukaribiana, na ijapokuwa vichwa viko mbali sawasawa na vingine vyote, macho huona msongamano. Fundi akaitenga jozi hiyo kidogo. Hapo rula husema kuna kosa, macho yakasema pamenyooka, na fundi akaandama macho.

Mhimili nao, ule mwamba mnene uunganishao vijiti, ulitaka uangalifu wa aina yake. Ukiinama vibaya juu ya mistari mitano, huacha katikati pembetatu ndogo nyeupe, na pembetatu ile, wino unapokuwa mwingi, huziba na kuwa doa; kwa hiyo fundi aliuinamisha mhimili kiasi kidogo tu, akahakikisha ncha zake ama zinakaa juu ya mstari, ama zinaning'inia chini yake, ama zinaukalia katikati. Tena alipanga kurasa zake hata mwisho wa ukurasa wa kulia ukaangukia, kila ilipowezekana, mahali ambapo mkono mmoja umenyamaza, ili mpigaji apate wasaa wa kufunua. Machache sana kati ya mambo haya yaliandikwa vitabuni. Mengi yalipita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanagenzi katika miaka mingi ya kukaa meza moja, na usiku wa tarehe 4 Desemba 1943, ndege za vita zilipoiteketeza mitaa ya wachapaji ya Leipzig, kazi hii ilipoteza nyumba yake kubwa kupita zote. Huko Munich, nyumba ya Henle, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendelea kuwategemea wachonga mabamba karibu hadi mwisho wa karne ya 20.

Wakati huo kompyuta ilikwisha bisha hodi. Mnamo miaka ya 1970 Leland Smith, mtunzi na mpiga basuni wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitengeneza programu iliyokuja kuitwa SCORE, ambayo mtumiaji wake aliandika amri kwa herufi na tarakimu, na wachapishaji wakubwa waliipenda kwa sababu ilimwachia mtu mjuzi amri ya mwisho juu ya kila alama. Finale ilitoka Marekani mwaka 1988; Sibelius ikatoka Uingereza mwaka 1993, kazi ya ndugu mapacha Ben na Jonathan Finn. Ghafla kila mtunzi akawa mchapishaji. Nota zilikaa mahali pake, mistari ilinyooka kuliko ilivyopata kunyooka mkononi mwa binadamu yeyote, na kurasa zilikuwa, kwa hukumu yangu, baridi: alama nyembamba mno zisizosomeka vema kutoka kwenye kinara cha nota chenye taa hafifu, na nafasi zilizolingana kwa hesabu hata safu ya pili ikafanana na ya kwanza, na mpigaji akiinua macho kidogo hurudi asijue alikuwa safu ipi.

Waliolishughulikia jambo hili kwa ukaidi mwema ni Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, ambao mwaka 1996 walianza programu ya bure iitwayo LilyPond. Wao walichukua kurasa za Bach za sello, zilizochongwa kwa mkono katika toleo la Bärenreiter la mwaka 1950, wakazilinganisha na toleo jipya lililopangwa kwa kompyuta, wakauliza kila tofauti ndogo sababu yake, na kila sababu waliyoipata wakaigeuza amri ya mashine. Katika programu yao nota zimefungwa springi baina yao, na safu nzima huvutwa hata ijae, kila springi ikinyooka kwa kadiri ya nguvu yake. Upinde hauchorwi mara moja: mashine hubuni mapinde mengi, kila moja ikalihukumu kwa makosa yake, hili linagusa kichwa cha nota, lile limeinama kupita kiasi, jingine liko mbali mno na nota zake, ikayatoza adhabu, na lenye adhabu ndogo kuliko yote ndilo huchapwa. Fundi wa Leipzig alifanya hukumu hiyo kwa kutupa jicho, na aghalabu asingeweza kusema kwa nini.

Sanaa hii ina mkondo wake katika Afrika Mashariki. Wamisionari wengi walileta nota za solfa, zile za herufi d, r, m, ambazo John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19, na moja ya sifa zake kubwa ilikuwa rahisi kabisa: zilichapwa kwa herufi za kawaida, hazikuhitaji bamba wala mchongaji. Leo walimu wa kwaya wa Tanzania na Kenya watungao kwa mistari mitano hutumia programu kama MuseScore, ambayo hailipiwi, na kurasa zao husafiri kwa simu kabla ya mazoezi ya jioni. Hapo hukutana na taabu ambayo fundi wa Leipzig hakuijua. Neno kama tunamshukuru huimbwa kwa silabi sita, tu-na-m-shu-ku-ru, na ile m peke yake hudai nota yake. Mashine iliyofunzwa kukata maneno kwa kanuni za Kiingereza huifungia m ndani ya silabi ya jirani, maneno yote yaliyobaki yakasogea nota moja, na kwaya nzima ikaimba pengo.

Mwezi Agosti 2024 wenye Finale walitangaza kwamba hawataiendeleza tena, na maelfu ya watunzi wakaanza kuhamisha kazi za miaka thelathini na zaidi kwenda programu nyingine, hususan Dorico, iliyotoka mwaka 2016 kwa mikono ya wataalamu waliokuwa wakiitengeneza Sibelius. Kuhama huko hupitia lugha ya kati iitwayo MusicXML. Nota hufika salama, na maneno, na funguo, na alama za nguvu ya sauti. Kisichofika, aghalabu, ni vile mtunzi alivyovisogeza kwa mkono wake: upinde ulioinuliwa kidogo usiguse kijiti, jozi ya nota iliyotengwa, safu iliyobanwa ili ukurasa uishie penye kimya, na wengi wao sasa wanakaa usiku wakivisogeza upya, kimoja kimoja.