Simu imesema amani imerudi: tuulize nini kabla ya kufunga mizigo?



Familia iliyokimbia vita inaishi na maswali mawili kila siku. Hapa tulipo, kuna usalama? Na kule kwetu, tutarudi lini? Zamani jibu lililetwa na mtu aliyetembea kwa miguu siku mbili au tatu. Leo linafika kwa simu, kwa dakika moja. Hilo ni jambo jema: mama anapata kujua kwamba mtoto wake yuko hai, na mkulima anajua kama mihogo yake ingali shambani. Lakini simu inabeba uongo kwa mwendo ule ule inaobeba ukweli. Familia inayorudi kwa sababu ya ujumbe wa uongo inaweza kukuta bunduki njiani. Familia inayokimbia usiku kwa sababu ya uvumi inaweza kupoteza mtoto gizani.

Uvumi unapata nguvu wapi?

Uvumi unaota mahali ambapo watu wana hofu na hawana habari. Sisi Wakongomani tunaujua vizuri. Tumeupa hata jina, radio trottoir. Simu imeuongezea nguvu kwa njia tatu.

Kwanza, ujumbe unafika bila mwenyewe. Unasikia sauti ya mtu anayelia, lakini hasemi jina lake wala kijiji chake. Pili, picha haina tarehe. Nyumba zilizochomwa miaka mingi iliyopita zinaweza kutumwa leo kama za jana. Tatu, ujumbe mmoja unaonekana kama mashahidi wengi. Watu watano wakikuletea maneno yale yale waliyotumiwa, bado shahidi ni mmoja, na pengine hakuna hata mmoja.

Mambo tuliyoyaona

Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri. Ilizunguka habari kwamba ugonjwa huo ni uongo wa kutafutia pesa. Wagonjwa wengi walifichwa nyumbani, na wahudumu wa afya walishambuliwa. Uvumi ule uliwaumiza kwanza wale walioushika.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka. Siku tano baadaye, serikali ya mkoa iliamuru watu waondoke katika sehemu 10 za mji wa Goma. Maelfu walishika njia ya Sake, na watoto wengi walitengana na wazazi wao. Lakini tuone tofauti: tangazo lile lilikuwa na mwenyewe aliyejulikana, lilikuwa na tarehe, na lilitaja majina ya sehemu zinazohusika. Ujumbe usio na mambo hayo matatu haujatosha kuhamisha familia.

Namna ya kuuliza

Ukipata ujumbe kwamba kwenu kumetulia, usiulize tu: «Kuna amani?» Mtu anaweza kujibu «ndiyo» kwa sababu anakutamani, au kwa sababu kuna mtu amesimama karibu naye. Usimwulize pia juu ya watu wenye silaha, wako wapi na ni wangapi. Simu yake ikikaguliwa, maneno hayo yanaweza kumponza. Ongea naye juu ya maisha ya kila siku:

1. Soko limefunguka? Watu wanatoka vijiji gani kuja sokoni?
2. Wanawake wanaenda shambani na kurudi salama? Wanalala shambani au wanarudi mapema?
3. Watoto wanasoma? Mwalimu yupo?
4. Kituo cha afya kina muuguzi?
5. Watu wanalala nyumbani kwao, au wanalala porini?
6. Katika nyumba yetu, nani anaishi sasa?

Uliza watu wawili au watatu wasiokaa pamoja. Mmoja awe mwanamke, maana njia ambayo mwanaume anapita salama inaweza kuwa hatari kwa mwanamke. Kisha sikiliza redio. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, inatangaza pia kwa Kiswahili, na redio za mitaa zinajua barabara zenu.

Kama ni ujumbe wa hatari ya haraka, na unasikia milio karibu, usingoje: shika watoto na uondoke. Maswali haya ni kwa habari inayotoka mbali.

Kazi ya viongozi

Rais wa kambi, wakubwa wa bloki, wachungaji, mapadri, maimamu na mama wa vikundi wanaweza kufanya mambo manne.

- Wakutane kila juma, wapokee uvumi wote bila kumcheka aliyeuleta, wachunguze, kisha watangaze jibu. Kama jibu halijapatikana, waseme hivyo hivyo.
- Kabla ya watu wengi kurudi, watume wajumbe wachache wakaone kwa macho, kama njia inaruhusu: wanaume, wanawake na vijana, wa makabila mbalimbali.
- Wakatae ujumbe unaosema kabila fulani lote ni adui. Mkosaji ana jina lake. Kabila zima halikosi pamoja.
- Wakumbushe kwamba kurudi ni hiari. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, namba 28, zinasema watu warudi kwa hiari yao, kwa usalama na kwa heshima, au wakae mahali pengine wanapochagua.

Na kama mmetengana na mtoto au mzazi, mwone mtu wa Msalaba Mwekundu. Kazi yao ya kutafuta ndugu haina malipo. Usitume pesa kwa mtu usiyemjua anayesema amemwona mtoto wako.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni uvumi gani ulitufanya tukimbie au turudi bila sababu? Ulianzia kwa nani?
2. Katika bloki yetu, tukipata habari ya kutisha, tunampelekea nani kwanza?
3. Ni nani kule kwetu tunayeweza kumwuliza bila kumweka hatarini?

Haraka haraka haina baraka. Saa moja ya kuuliza inaweza kuokoa familia nzima.